Vibogoyo vya Mama Mdogo

Mwenye duka jirani yangu ana kopo la hela, na chini ya noti na sarafu zake ameweka ndimu iliyokauka, pilipili kichaa na chumvi ya mawe. Kila akilifungua kunirudishia chenji, harufu ile hunipanda puani. Ni kinga ya chuma ulete. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini basi: chuma ulete ni yule anayekuja dukani kwako na hela ya dawa, ananunua kiberiti, anaondoka, na hela yake inamfuata nyumbani ikiwa imezibeba na za kwako. Mwenye duka wangu amesoma, mkewe ni muuguzi, na wote wawili ni watu wema. Sibishani nao. Huchukua chenji yangu nikatoka nje upesi, maana najua harufu hiyo ilimfanya nini mtu wa kwetu.

Tulikuwa tunakaa Mpanda, nyumba ya vyumba viwili si mbali na stesheni. Baba alikuwa mvuvi Karema, tukimwona kama mwezi mwandamo. Mama yangu, waliyemwita Mama Deo kwa jina la kaka yangu, aliuza dagaa na migebuka mikavu sokoni. Aliuzia chini, juu ya gunia, mahali ambapo bati lilikuwa limetoboka, na mvua ikinyesha alikuwa wa kwanza kulowa. Mdogo wake, Leokadia, alikuja kwetu kutoka Kabungu baada ya mumewe kumrudisha kwa kukosa mtoto. Alirudishwa na sufuria moja na mkeka. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitafuta mwenyewe. Alianza kuuza maandazi ya kutembeza kwenye beseni, akabana hela, mwishowe akachongesha meza ya mninga na kuomba nafasi mlangoni mwa soko, kwenye bati zima. Akapewa.

Meza ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani ambacho hakuna mume wala ndugu angeweza kukidai. Aliifuta asubuhi na jioni. Wakati mwingine nilimkuta ameiegemea tu, hauzi, hasemi, anaitazama njia. Mama yangu naye, kule kwenye gunia lake, alimtazama yeye.

Kulikuwa na kijana mzungu wa mradi wa visima, mwembamba, shingo nyekundu kama pilipili hoho, ambaye kila asubuhi alinunua maandazi matatu pale mezani. Siku moja Mama Mdogo alimrudishia sarafu ya shilingi ishirini, ile yenye tembo na mtoto wake, na yule kijana akaigeuza juani, akacheka, akamwonyesha. Tembo hakuwa na pembe. Mahali pa pembe palikuwa laini kabisa. Mama Mdogo alidhani ni hela bandia akataka kumbadilishia, lakini kijana alikataa. Alisema kwao kuna watu wazima wenye akili zao wanaozitafuta sarafu za namna hiyo na kuzitunza. Kiswahili chake hakikutosha kueleza zaidi, kwa hiyo Jumapili alikuja nyumbani kwetu ili aeleze kwa mikono.

Aliomba unga uliokandwa. Mama yangu ndiye aliyeukanda, mgumu kama alivyoagizwa, akautandaza juu ya kibao cha chapati. Kijana alisema kiwandani kuna muhuri wa chuma wenye picha iliyochimbwa kwa ndani, nao hugongwa kwa nguvu kwenye kipande cha bati nene, sarafu ikatoka. Muhuri ukipata mikwaruzo, fundi huusugua mpaka ung'ae upya. Akizidisha, uso wa muhuri unashuka, na vile vishimo vya kina kifupi vinafutika, vya kina kirefu vinabaki. Kisha akagandamiza sarafu nzima kwenye unga, akaitoa, tukaona tembo na pembe yake. Akampa mama kisu aparue unga ule juujuu, ngozi nyembamba tu. Mama akaparua. Mwili wa tembo ulibaki, pembe ikapotea.

"Kumbe ni hivyo tu," mama akasema, akacheka, akautupa unga kwenye karai pamoja na mwingine, tukala chapati.

Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Kisu kilikuwa mkononi mwa mama.

Tangu hapo Mama Mdogo alipata ugonjwa. Sijui niuite nini. Kila sarafu ya ishirini iliyopita mikononi mwake aliigusa kwanza kwa kidole gumba, halafu akaielekeza kwenye mwanga kwa ubavu. Asiye na pembe alimwita Kibogoyo. Yule ambaye mtoto wake hana jicho alimwita Kipofu. Palikuwa na mwingine ambaye majani chini ya miguu yalifutika, tembo amesimama hewani, naye akaitwa Malaika. Mimi nilikuwa na imani yangu ya kitoto kwamba wale vibogoyo walikutana na majangili, maana kila wiki tulisikia habari za tembo waliouawa porini Katavi, na nilidhani habari hizo hufika hadi kwenye hela. Nilipomwambia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Alinifundisha kutofautisha. Sarafu iliyochakaa kwa kushikwashikwa, alisema, huisha sehemu zilizoinuka: mgongo, sikio, paji la uso. Yote huwa butu. Kibogoyo wa kweli ana mgongo mkali unaokwaruza kidole, uso umeng'aa, ila yale ya chini ndiyo hayapo. Nilikuwa nakosea, ananirudisha, nakosea tena. Siku niliyopata Kipofu wa kwanza peke yangu alinipa maandazi mawili na kunisifu mbele ya wateja. Sijawahi kusifiwa vile tena, na nimesoma mpaka chuo.

Alizitunza kwenye kopo la kakao. Hakuandika chochote, kwani hakuwa mtu wa kuandika, lakini kila moja aliikumbuka ilikotoka. Hii nilipewa na muuza mafuta ya taa, hii kwa Mama Rehema, hii kwa yule Msukuma aliyekuja kununua jembe la ng'ombe. Akiona kibogoyo kwenye kopo la mwenzake sokoni, aliomba wabadilishane: natoa ishirini yangu, nipe ishirini yako. Hakuna aliyemkatalia. Walimwona wa ajabu kidogo, lakini maandazi yake yalikuwa laini.

Halafu ikaja ile mvua. Wa rika letu mnaikumbuka, mvua isiyojua kukoma, mito ikala madaraja, na huko njiani ikaikata reli. Treni ikaacha kuja. Mpanda bila treni wakati ule ilikuwa kisiwa. Barabara nazo zilikuwa tope tupu. Sukari ikaadimika, wanunuzi wa mpunga hawakuonekana, wafanyakazi hawakupata mishahara. Sokoni watu walikaa mbele ya bidhaa zao kutwa nzima, jioni wakafungua makopo yao na kukuta vumbi. Kila mtu alijua treni haiji. Hata mimi nilijua. Lakini njaa ikikaa sana hutafuta mtu wa kuitwa kwa jina lake.

Mama Rehema, aliyeuza nyanya na vitunguu upande wa pili wa mlango, ndiye aliyeanza, au niseme ndiye aliyesikika kwanza. Alisema mauzo yake yalianza kukauka tangu Leokadia alipombadilishia hela. Mwingine akakumbuka na yeye alibadilishiwa. Muuza mafuta ya taa akakumbuka. Wakaanza kuhesabiana. Na kweli, chuma ulete hufanya nini, kama si kuacha hela yake kwenye kopo lako?

Mimi sikuelewa kinachoendelea, na hapo ndipo utoto wangu unaponiuma. Niliona watu wanaopita mlangoni wakizunguka mbali na meza ya Mama Mdogo. Niliona wale wachache walionunua maandazi wakitumbukiza hela kwenye bakuli la maji ya chumvi walilolileta badala ya kumpa mkononi. Niliona wanawake waliozoea kumgongagonga bega wakisimama hatua kadhaa mbali na kumsalimia wakiwa wameinamisha macho. Nilikuwa nimeona watu wakimfanyia hivyo askofu alipokuja kutoa kipaimara: wanampisha, hawamgusi, hawamtazami usoni. Nikajua Mama Mdogo amekuwa mtu mkubwa. Nilikwenda shuleni nikatamba. Nikasema siku hizi watu wanamwogopa mama yangu mdogo, na nikasema kwa maringo.

Walinijibu kwa kicheko, na sikuelewa mpaka Mama Rehema aliponielewesha. Mama alinituma nyanya. Nilikuwa nimejikata kidole kwa kisu cha mihogo na jeraha lilikuwa bichi. Nikanyoosha hela, Mama Rehema akanishika mkono, akautumbukiza kwenye bakuli lake la maji ya chumvi na pilipili, akaushikilia humo. Nilipiga ukelele. Hakuniachia. Wanawake wawili jirani waliacha kupanga vitunguu wakatazama, wala hawakuinuka.

"Tuone kama unaungua," akasema taratibu, kama anayempima mtoto homa. "Wa kwao huungua."

Niliungua, kwa sababu nilikuwa na jeraha. Nilirudi nyumbani bila nyanya. Nilimweleza mama, na mama alinifunga kidole kitambaa, halafu akaniambia nisikae tena mezani kwa Mama Mdogo. Nilitegemea atakwenda kumshika Mama Rehema kanga. Hakwenda. Mauzo yake ya dagaa nayo yalikuwa yamekwisha, na wenzake walikuwa wameanza kumwangalia yeye pia, dada mtu.

Wakaita kikao cha soko, mchana, jua limewaka kidogo kati ya mvua na mvua. Mwenyekiti wa soko, Mzee Kashindye, alikuwa mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini, na mpaka leo nawaogopa wapole kuliko wakali. Alimwomba Mama Mdogo alete kopo lake. Akalileta mwenyewe, tena kwa haraka. Nadhani alifurahi. Alidhani wakiziona watazipenda.

Alizimwaga mezani akaanza kueleza. Alieleza muhuri, alieleza fundi na kusugua. Alisema angalieni mgongo huu ulivyo mkali, hela hii haikuchakaa.

"Kwa hiyo pembe haikuisha kwa mikono ya watu?" Mzee Kashindye akauliza.

"Hapana, Mzee. Ya mikono ya watu naijua. Hii siyo."

"Sawa, mama. Si ya mikono ya watu." Akawageukia watu. "Nyie mmesikia, amesema mwenyewe."

Mlio uliopita sokoni haukuwa wa hasira, ulikuwa wa watu waliotua mzigo. Kisha akamwomba, bado kwa upole, aonyeshe kila sarafu na aseme ameitoa kwa nani. Nilitamani akose. Nilitamani kwa mara ya kwanza maishani mwake asahau kitu. Lakini Mama Mdogo alijivunia kumbukumbu ile kuliko uzuri wake, akaanza. Huyu Kibogoyo kwa Mama Rehema. Huyu kwa baba wa mafuta ya taa. Malaika huyu kwa mama muuza chumvi, yule pale. Kila alipotaja, aliyetajwa alishika kifua, na wengine wakamshika mabega kama wafiwa. Alipofika kwenye ya nne au ya tano sauti yake ilianza kupungua. Alikuwa ameelewa, ila hakujua tena jinsi ya kuacha. Akaendelea kutaja mpaka sarafu zikaisha, kwa sababu ulikuwa ukweli na aliuamini ukweli.

Mwishoni alisema yuko mtu anayeweza kumshuhudia. Alisema dada yake alikuwepo, unga aliukanda yeye, kisu alishika yeye. Watu wote wakageuka kumtazama mama yangu. Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa kanga yake, nikafurahi, kwa sababu nilijua sasa yataisha.

"Mama Deo," akasema Mzee Kashindye, "hizi hela unazijua?"

Mama alimtazama mdogo wake, akatazama meza.

"Mimi sizijui," akasema. "Alikuja nazo kutoka kwa mumewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeishikilia nguo yenyewe. Mama Mdogo hakupaza sauti. Aliniangalia mimi, si mama, nami nikafungua mdomo, lakini mkono wa mama ulikuwa umeshashuka na kuziba. Uliniziba mpaka meno yakachana mdomo kwa ndani. Hakuna aliyeniona, wala hakuna ambaye angemsikiliza mtoto aliyeungua kwa maji ya chumvi.

Walimtembeza hadi kwenye choo cha soko, kopo mkononi. Walitaka azitupe yeye, moja moja, ili kila mmoja asikie yake ikitua. Zilikuwa hazilii, maana mvua ilikuwa imejaza shimo, kwa hiyo Mama Rehema akalalamika kwamba hajaisikia ya kwake. Mzee Kashindye akamwomba radhi Mama Rehema. Baada ya hapo wakamwambia Mama Mdogo kwamba amefanya vizuri, wamemsamehe, ila sokoni asionekane tena, na mezani hatauza.

Alikaa kwetu siku zilizobaki kama asiyekuwepo. Mama alimpakulia chakula, akakila. Hawakugombana. Nilisubiri wagombane, maana nilijua watu wakigombana husema kweli, lakini walizungumza habari za kuni na za bati linalovuja, basi. Asubuhi moja tulisikia honi. Reli ilikuwa imetengenezwa. Mji mzima ulikimbilia stesheni, wengine wanalia kwa furaha, na mabehewa yalikuwa yamejaa sukari, sabuni, mafuta, na wanunuzi wa mpunga wananing'inia milangoni. Treni hiyo hiyo, ilipogeuza, ndiyo aliyopanda Mama Mdogo. Mimi nilibeba mkeka, yeye sufuria. Watu walishusha mizigo pembeni yetu, hakuna aliyetusalimia.

Kabla ya kupanda alinishika kidevu. Nilidhani ataniambia nimtafutie vibogoyo.

"Skola, ukiona kitu wengine hawakioni," akasema, "nyamaza."

Alikwenda upande wa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, akafa huko, na sisi tulipata habari wameshamzika. Sijui kama aliwahi tena kuigeuza sarafu juani. Natumaini aliacha, na natumaini hakuacha, inategemea siku unayoniuliza.

Jioni ya siku ile ya treni soko lilifurika. Hela zilitoka kila mahali, makopo yakajaa, na watu wakashikana mikono wakiambiana, mmeona, mmeona, si mmeona wenyewe: ameondoka asubuhi, jioni baraka imerudi. Mama Rehema alikuja nyumbani kwetu na nyanya bure, akanipapasa kichwa. Mzee Kashindye alimwambia mama kwamba meza ya mlangoni haina mtu, na kwa kuwa amekuwa mkweli mbele ya kikao, aichukue yeye. Mama aliitandika kanga mpya, akapanga dagaa wake kwenye bati zima, na kabla jua halijazama alikuwa ameuza gunia lote.

Usiku huo tulikula nyama, ya kwanza tangu mvua ianze. Deo alikula bila kuinua uso. Mimi nilikitazama kipande changu, nikamuuliza mama kama si treni ndiyo iliyorudisha wanunuzi, kama si kwa sababu ya reli.

"Najua ni treni," mama akasema, akaniongezea mchuzi. "Kula."